Majiko Mawili, Nyumba Moja

Kama kuna mwanamke aliyewahi kuingia ukweni akiwa amebeba nyumba nzima kwapani, basi ni Fundi. Jumapili ile alasiri alipita geti dogo la mama yake Hamira na karatasi ya kaki iliyoviringishwa, imefungwa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, na moyo unamdunda kuliko siku aliyovishwa pete. Ndani ya karatasi ile vilikuwamo vyumba vyote: sebule, jiko, vyumba vya kulala, choo na bafu, na chumba cha cherehani. Alivichora mwenyewe. Mwashi alikuwa amesema hataki mbwembwe, aletewe tu mchoro unaoonyesha chumba gani kinapakana na kipi, na kesho yake asubuhi angefika kiwanjani kupigilia vigingi na kuanza msingi.

"Wewe ndiye mwenye karatasi kubwa na rula ndefu," Hamira, mchumba wake, alikuwa amemwambia. "Chora wewe. Mimi nikichora utatokea mkate."

Hamira, kama hujawahi kukutana naye, ndiye yule bwana mwoka mikate wa mtaa ule. Jina lake la kuzaliwa analijua mama yake na watu wa benki. Wengine wote humwita Hamira, maana akiingia mahali hata mazungumzo yaliyolala huumuka. Mikono yake ina alama za tanuri kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na nyusi zake hazikosi unga hata akioga mara mbili. Alimjua Fundi kwa kwenda kushonesha aproni. Aproni ikashonwa, akairudisha, eti inabana. Ikaongezwa, akairudisha, eti sasa inapwaya. Fundi hajawahi kukosea kipimo cha aproni tangu ashike mkasi, kwa hiyo aliporudi tena alimwekea kiti, akamuuliza anakunywa chai ya namna gani.

Wakapendana. Lakini walipendana kama watu wazima, na Fundi hasa kama mtafunwa na nyoka, ambaye akiona ung'ongo hushtuka. Alikuwa amewahi kuolewa. Hamira alilijua hilo, na mama mtu alilijua. Wasilolijua ni kwa nini aliondoka, kwa sababu kila alipojaribu kulieleza aliona aibu. Utamwambiaje mtu kwamba uliacha ndoa kwa sababu ya vikombe?

Na kweli ilikuwa vikombe. Aliolewa kwenye nyumba ya mama mkwe na mawifi, akapika katika jiko lao miaka mingi. Asubuhi akipanga vikombe rafu ya juu, jioni anavikuta ya chini. Akitia chumvi, akigeuka anaikuta imeongezwa. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alirekebishwa tu, leo hili, kesho lile, kwa upole kabisa, mpaka ikafika siku muuza duka akamuuliza anataka majani ya chai makali au mepesi, naye akasimama pale hajui anapenda yapi. Siku ile ndiyo aliyofunga mizigo.

Sasa Hamira alipomweleza kuwa mama yake angeishi nao, kwamba alimwahidi marehemu baba yake kuwa mama hatakula peke yake maadamu yeye yu hai, Fundi alisema sawa. Alisema upesi, kama anayemeza kidonge bila maji. Alimpenda yule mwanamume kwa mapenzi ambayo hakutegemea kuyaona tena, na akajiambia kwamba safari hii atavumilia. Akajiambia hivyo kila siku, akiwa anakanyaga cherehani.

Kilichobaki ilikuwa kauli ya mama mtu. Huyo alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa maisha yake yote ya kazi, mwanamke mpana wa mabega, mfupi wa maneno, na mpaka leo wapishi waliofanya kazi chini yake wakimwona njiani hujikagua kucha. Hakuwa amekubali ndoa wala kuikataa. Alichosema ni hiki: "Nionyesheni kwanza mtaniweka wapi. Nikishaona, nitajibu." Naye Hamira alikuwa ameapa hataoa kwa kumkanyaga mama yake. Kwa hiyo usimwone Fundi mwoga. Karatasi ile kwapani haikuwa ya nyumba tu, ilikuwa ya ndoa yake.

Alimwamkia mama mtu, akakaribishwa, akaletewa chai. Hamira alikuwa ameshaondoa vyombo mezani na kupangusa maji, na alipompokea karatasi alimkonyeza kwa jicho lile ambalo kwa kawaida lilimfanya Fundi asahau alichokuwa akisema. Leo lilimpa nguvu kidogo. Mama mtu akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaegemeza viwiko mezani.

Fundi akafungua kile kitambaa, akaitandaza karatasi. Ilikuwa imekunjwa katikati, basi akaukunjua mkunjo na kuulainisha kwa kiganja kama alivyozoea.

Wote watatu wakaangalia.

Upande wa kulia ilikuwapo nyumba aliyoichora kwa penseli, safi, kila chumba na jina lake. Upande wa kushoto, mgongo kwa mgongo na ile ya kwanza, ilikuwapo nyumba nyingine kwa rangi ya bluu: sebule nyingine, jiko lingine, mlango mwingine wa mbele. Nyumba mbili pacha zimepeana kisogo, na katikati yao ukuta mmoja mrefu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakutaja habari za kujikwaa mazoea. Fundi alielewa palepale kilichotokea. Mezani kwake karatasi ya vipimo hukaa imekunjwa sikuzote, kwa sababu gauni halichorwi zima. Unachora nusu ya kifua kando ya mkunjo, unaweka karatasi ya kaboni ya bluu katikati, unapitisha kile kigurudumu chenye meno juu ya mistari yako ili ijichapishe upande wa pili, na ukikunjua unapata mabega mawili yaliyo sawasawa. Jumamosi, kati ya mteja wa saa hii na wa saa ile, alichora nyumba kandokando ya mkunjo, na mkono ukaendelea na kazi yake kama kawaida. Kigurudumu kikapita. Kisha mteja akaingia kujaribu sketi, Fundi akaviringisha karatasi bila kuifungua, akaiweka kando.

Hamira ndiye aliyecheka kwanza, akauliza kama wanajenga nyumba ya kupangisha. Kicheko chake kikakatika alipomtazama mama yake.

Mama mtu alikuwa ameweka kidole juu ya karatasi. "Jiko hapa," akasema. "Na jiko hapa. Mlango wa mbele hapa, na mlango wa mbele hapa." Kidole kikapanda polepole kwenye mkunjo, toka chini hadi juu. "Na huu ni ukuta. Hauna hata tundu la panya."

Fundi akaeleza. Alieleza habari za mkunjo, za kaboni, za mabega mawili, na akiwa anaeleza aliona kwamba anaeleweka. Hamira aliachia pumzi, akajipiga paja. Akasema ndiyo maana akaoa, samahani, ndiyo maana anaoa fundi cherehani, nyumba ingekuja na kola. Akainuka kutafuta raba.

"Basi tuifute hii ya bluu," akasema.

Hapo, msomaji, Fundi alitakiwa kusema neno moja tu. Futa. Angesema futa, chai ingenywewa, mama mtu angeonyeshwa chumba chake kilichopakana na jiko, na mambo yangekwenda yalivyopangwa. Alifungua mdomo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye lile jiko la bluu, jiko ambalo hakuna aliyelipangia kitu, na kifuani alisikia nafuu ya mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu asubuhi. Neno halikutoka.

"Fundi?" Hamira alikuwa amesimama na raba mkononi. "Tuifute?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Akanyamaza. Na kunyamaza nako ni jibu, hasa kwa mtu anayekupenda na amezoea kukusoma usoni. Hamira aliweka raba mezani taratibu. Alipozungumza alizungumza chini, kana kwamba mama yake hayupo, na ndivyo Fundi alivyojua kuwa ameumia.

"Nilikuuliza. Zaidi ya mara moja. Nikakuuliza unaonaje tukiishi na mama, ukasema sawa."

"Nilisema sawa kwa sababu nakupenda."

"Na sasa?"

"Na sasa nakupenda, ndiyo maana nashindwa kukudanganya mbele ya mama."

"Kwa hiyo mwanzo ulinidanganya." Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu. Mimi si mtu wa kutishwa na ukweli. Lakini nimekwenda kwa mwashi, nimekwenda kwa ndugu zangu, nimejisifu kila mahali kuwa mke wangu mtarajiwa kamkubali mama kwa moyo mmoja. Kumbe moyo wenyewe una ukuta katikati."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ingekuwa nafuu, maana mtu wa kubamiza milango hasira zake huishia pale pale mlangoni. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za barazani, mgongo wake ukaonekana dirishani, na Fundi akatamani kwenda kumpangusa unga kwenye ukosi kama alivyozoea. Hakuthubutu.

Basi wakabaki wanawake wawili na karatasi. Chai ilikuwa imeanza kupoa. Fundi alijiona mtu aliyemaliza habari yake kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kuikusanya karatasi ili aondoke na heshima iliyobaki, mama mtu alipoiwekea kiganja juu yake.

"Upande wangu ni upi?" akauliza.

Fundi hakuelewa.

"Nauliza, katika nyumba hizi mbili. Ya penseli na ya bluu. Mimi ungeniweka ipi?"

"Mama, mimi sikukusudia kukutenga. Nisamehe. Ni makosa ya mkono tu."

"Mkono ulikosea kuchora. Kunyamaza hukukosea, nilikuwa nakuangalia usoni." Mama mtu alivua miwani. "Mficha uchi hazai, binti. Sema unaogopa nini, tena useme kabla huyu hajaacha kununa, maana akiacha ataingia hapa kutuchekesha na hatutazungumza tena."

Fundi akasema. Hakutegemea, lakini alisema yote: vikombe vya juu na vya chini, chumvi juu ya chumvi, muuza duka na majani yake ya chai. Alisema huku akifuata mstari wa ukuta kwa ukucha, hamtazami mwenzake, na machozi yakaanguka kwenye sebule ya bluu yakaivuruga rangi. Alisema hakumwogopa mama huyu, kwa sababu hajamwona na baya lolote. Alijiogopa mwenyewe. Aliogopa ataanza tena kusema sawa, sawa, sawa, mpaka siku moja Hamira amtafute yule mwanamke aliyempenda asimwone.

Alipomaliza alisubiri kuambiwa kuwa hayo ni mambo madogo. Ndiyo maneno aliyoambiwa na kila mtu wakati ule, hata na mama yake mzazi.

Mama mtu hakusema hivyo. Alijimiminia chai iliyopoa, akaonja, akaisukuma pembeni. Kisha akamuuliza kama anakumbuka siku alipokuja hapa kwa mara ya kwanza akaosha vyombo.

"Nakumbuka."

"Nilikuambia nini?"

Fundi akasita. "Uliniambia sufuria husuguliwa kuanzia nje."

"Enhe. Sasa nikwambie hayo maneno ni ya nani. Ni ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Aliniambia siku ya kwanza nilipoingia kwake, akaniambia siku ya pili, na kila nikishika sufuria nikawa nasikia pumzi zake nyuma yangu. Nikaapa sitamfanyia hivyo mtoto wa mtu. Halafu siku ile nimekaa zangu hapa, namwangalia msichana mzuri ananioshea vyombo, hana hili wala lile, na sauti ya yule bibi ikatoka kinywani mwangu. Na mikunjo yake ya pua ikaja pia."

Fundi alijikuta anacheka huku anapenga kamasi. Mama mtu hakucheka, lakini uso ulilegea. Akasema maisha yake yote amepika kwenye jiko ambalo yeye akisema geuza, watu wanageuza. Hajui kukaa jikoni bila kuamrisha, na kwa umri huu hatajifunza. Mwanawe alipomletea habari za kuhamia kwao alifurahi, alikuwa mpweke, asiseme uongo. Lakini aliogopa vilevile.

"Ndiyo maana nikaagiza ramani," akasema. "Nilikuwa natafuta kasoro. Nione chumba kidogo, nione choo kiko mbali, niseme hapana, yaishe. Usidhani ni wewe niliyetaka kukukataa. Nilikuwa namkataa huyo bibi nitakayekuwa mimi."

Akavaa miwani tena, akainama juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza akaitazama nyumba ya bluu kama mtu anayetazama kitambaa dukani na amekwisha kukipenda. Akauliza dirisha la jiko linatazama wapi. Fundi akamwonyesha. Akauliza jua la asubuhi litaingia. Fundi akasema litaingia. Mama mtu akaguna, akaita kwa sauti ya bweni zima.

"Wewe uliyenuna. Ingia ndani."

Hamira aliingia na macho mekundu, akasema moshi wa jirani. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesikia, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na kuta za nyumba ile si nene. Alivuta kiti akakaa karibu na Fundi kuliko alivyokuwa amekaa mwanzo, lakini bado hakuwa amekubali. Alikumbusha juu ya ahadi. Alimwambia mama yake kwamba alipoahidi, baba alikuwa amemshika mkono, kwamba ile haikuwa kauli ya mzaha, na kwamba yeye hawezi kumjengea mama yake ukuta halafu akalala usingizi.

"Nilikuwepo," mama mtu akajibu. "Baba yako alisema nisile peke yangu. Hakusema nisipike peke yangu."

Hamira akaitazama karatasi upya, jiko kwa jiko.

"Meza itakuwa moja, jioni, upande wenu," mama mtu akaendelea. "Nitakuja nimebeba changu, nitakula chenu. Kikiwa hakina chumvi nitanyamaza. Lakini asubuhi yangu iwe yangu, na sufuria zangu ziwe zangu, na mke wako apange vikombe vyake anavyotaka."

Kusikia vikombe Hamira akamgeukia Fundi. Alimwangalia kwa muda, na macho yale hayakuwa na mzaha hata chembe. Akamuuliza kwa nini hakumwambia habari hizo tangu mwanzo. Fundi akasema aliona ni jambo dogo, angemwona mtu wa ajabu. Hamira akachukua mkono wake, akaufunika kwa mikono yake miwili yenye makovu, mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jambo likikutoa machozi si dogo," akasema. "Nisamehe kwa lile neno la ukuta moyoni. Nimelisema kwa hasira na nimelijutia kabla sijafika barazani. Vikombe utavipanga wewe. Hata ukivitundika darini, mimi nitaleta ngazi."

Fundi alimkandamiza vidole tu, na Hamira akaelewa, na mama mtu akajifanya anatafuta sukari.

Lakini kuelewana ni jambo moja na kiwanja ni jingine. Nyumba mbili kamili zisingeenea pale, na aliyeligundua alikuwa Hamira, aliyekuwa anakijua kiwanja kile kama sinia lake la mikate. Kwa kuwa kilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo na jua lilikuwa bado liko juu, walikubaliana waende wakachore chini kwa vipimo vya kweli. Wakabeba kamba, futi ya Fundi ya kupimia nguo, na mkebe wa chokaa. Mama mtu akabeba kiti chake cha kukunja, akisema yeye hachagui chumba akiwa amesimama.

Jinsi walivyobishana pale kiwanjani ingemfurahisha hata mpita njia, na kweli wapo waliosimama kutazama. Hamira alimwaga chokaa, Fundi akavuta kamba, mama mtu akahamisha kiti kutoka chumba hadi chumba akikagua. Alikataa sebule ya pili, akasema yeye hana wageni, ana mashoga, na mashoga hukaa jikoni. Sebule yake ikaondolewa, ukumbi wa mezani wa upande wa pili ukapanuka. Fundi alitoa futi kadhaa za chumba cha cherehani ili mama apate baraza ya nyuma.

Kisha likaja suala la usingizi. Hamira huoka usiku kucha na hulala mchana, na chumba chao cha kulala kilikuwa kinapakana na cherehani. Walikihamisha mbele, kikapakana na barabara. Walikihamisha nyuma, kikakosa dirisha. Mwishowe mama mtu akasema kwake kuna chumba kidogo kimebaki, kimya, hakina kazi, kijana alale hapo mchana, jioni arudi kwa mkewe.

"Watu watasema nimeoa wawili," Hamira akasema. "Mchana nyumba hii, jioni nyumba ile."

"Waache waseme," mama mtu akajibu. "Mke wako wa kwanza, yaani mimi, anakoroma, umwambie na huyu wa pili."

Fundi alicheka mpaka akaketi chini, katikati ya jiko lake. Alipotazama huku na huku akaona mistari ya chokaa imemzunguka, hapa sinki, hapa rafu, hapa mlango wa nyuma. Alimwona Hamira anakuja, chokaa imechanganyika na unga usoni, anakanyaga kwa uangalifu asifute ukuta. Hamira akainama akampangusa shavuni kwa kidole gumba. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana furaha. Fundi akasema anayo, kisha akasema anaogopa, kwa sababu mama bado hajatamka. Amechagua chumba, amechagua dirisha, hata baraza, lakini ndiyo yenyewe hajaitoa.

Hamira akanyanyuka. "Mama," akaita, "hujatujibu."

Mama mtu alikuwa kwenye mstari mrefu wa katikati, anautazama. Akasema kwanza apewe mlango hapo, mmoja tu, wa kupitia na sahani yake jioni bila kunyeshewa. Hamira akafuta chokaa kwa kiatu, akaacha uwazi wa upana wa mlango.

"Na komeo?" akauliza. "Mwashi ataniuliza likae upande gani."

Lilikuwa swali la kawaida tu la ujenzi, lakini Fundi alijua mwenye komeo ndiye mwenye mlango. Hakuinua macho.

"Upande wa Fundi," mama mtu akasema. Akachukua kiti chake, akazunguka kwa mbele, akaingilia mlango wake, akaenda kukaa mahali ambapo jiko lake lingekuwa. Aliwapa mgongo. Alikaa pale, anatazama kule jua la asubuhi litakakotokea. Hamira alianza kukusanya kamba. Fundi akamsaidia.

Kisha wakasikia kiti kinakunjwa. Mama mtu alikuja polepole, akavuka chumba chake, akafika kwenye ule uwazi. Kati yake na wao hapakuwa na ukuta, wala mlango, wala hata tofali moja. Palikuwa na vumbi jeupe ambalo kuku angelivuka bila kujua. Mama mtu akasimama pale pale, nje ya mstari, kiti mkononi.

"Hodi," akasema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Hamira, naye Hamira akarudi nyuma hatua, akamwachia.

"Hodi hapa," mama mtu akarudia. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri, kama mgeni mwenye adabu anavyosubiri kwenye nyumba ya watu, na ilionekana wazi kuwa angesubiri mpaka giza liingie.

Miaka yote ile, katika nyumba ile ya ndoa ya kwanza, hakuna mtu aliyewahi kumpigia Fundi hodi. Akapangusa mikono kwenye gauni, akasogea mpaka ukingoni mwa jiko lake.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, mama."

"Nimekaribia, mwanangu," mama mtu akasema, na akapita palepale pa mlango.